Barua ya wazi kutoka Bagamoyo: sauti ya mtu ni mali ya nani?

Kwa:
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni na sanaa,
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano na teknolojia ya habari,
Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA),
Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

YAH: KUIGIZWA KWA SAUTI ZA WATU KWA PROGRAMU ZA AKILI UNDE BILA IDHINI YAO

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na somo lililotajwa hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Bagamoyo na mmiliki wa studio ndogo ya kurekodi sauti, ambayo miaka minne iliyopita niliisajili BRELA ikawa kampuni. Tunarekodi simulizi za wazee na maelezo ya maeneo ya kihistoria, kisha tunayaweka katika programu ya simu ambayo mgeni anayetembelea magofu ya Kaole, Ngome Kongwe au Caravan Serai huisikiliza huku akitembea. Tuko watu watatu katika chumba kimoja chenye magodoro ukutani ya kuzuia mwangwi, na tuna jirani mwenye jogoo asiyejali ratiba ya mtu. Siandiki kama mtu anayeichukia akili unde. Naitumia kila siku, kumwondoa jogoo huyo kwenye rekodi na kuandaa rasimu za tafsiri. Wengine huiita akili bandia na wengine akili mnemba. Mimi nimeshika neno hili la unde kwa sababu hapa pwani kuunda ni kazi ya fundi wa majahazi, na chombo kikiundwa watu huuliza kimeundwa na nani na mbao zake zimekatwa wapi. Swali la mbao ndilo lililonifanya niandike.

Miongoni mwa wasimulizi wetu yupo bibi mmoja mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, ambaye simulizi yake ya kisima cha Kaole, yenye urefu wa dakika 11, ndiyo iliyokuwa ikisikilizwa zaidi katika programu yetu. Asubuhi moja mapema mwaka huu alikuja studio akiwa na binti anayekaanga samaki sokoni, akashika kiti, akamwamuru binti atoe simu. Simu ilikuwa na tangazo la video. Mwanamke mzee mwenye kilemba, ambaye hajapata kuwepo duniani, alikuwa akisifu unga wa dawa ya kisukari na presha, na sauti iliyokuwa ikitoka ilikuwa ya bibi yetu. Haikuwa ya kufanana. Ilikuwa yake, pamoja na ule mkwaruzo wa koo na lile tuo lake fupi kabla ya neno zito.

Bibi alisikiliza mara mbili, kichwa kimeinama. Kisha akasema: "Sauti yangu, mwanangu, lakini huyu si mtu wa huku. Mie tangu lini nikasema 'mimi kama mimi imenisaidia sana'? Na anaingia kwenye simu za watu wazima bila hodi wala shikamoo. Halafu mie sina kisukari."

Tungeweza kucheka, na kwa kweli tulicheka kidogo, mpaka binti yule alipotueleza kwamba mama mmoja mtaani alikuwa ameshatuma shilingi 35,000 kwenye namba iliyokuwa chini ya tangazo, kwa kuwa bibi anamfahamu na bibi hawezi kumdanganya. Wiki iliyofuata mama huyo alikwenda nyumbani kwa bibi kudai fedha zake, na maneno aliyoyasema pale kibarazani, mbele ya wajukuu, sitayarudia hapa.

Sina shaka kwamba sauti ilitolewa kwenye programu yetu, kwa sababu bibi hajarekodiwa mahali pengine. Tena haikuhitajika dakika 11. Mwezi Januari 2023 watafiti wa Microsoft walieleza mfumo uliomudu kuigiza sauti ya mtu kutokana na sampuli ya sekunde 3 tu, na tangu hapo kazi ya namna hiyo imeshuka kutoka maabara hadi kwenye programu ambazo kijana yeyote mwenye bando anaweza kuzifungua. Nakiri pia sehemu yangu ya lawama. Hati ya makubaliano ambayo bibi aliiwekea dole gumba niliiandika mwenyewe, nusu ukurasa, na inasema kwamba studio inaruhusiwa "kurekodi na kutumia sauti yake". Niliposoma upya maneno hayo niliona haya, kwa maana yanaacha mlango wazi hata kwangu mimi. Kwa hati ile ningeweza kesho kuifundisha mashine sauti yake na kumsemesha chochote, yeye akiwa amelala kwake, na nikadai kwamba aliridhia.

Tulikwenda ofisi moja ya umma, tukaelekezwa ya pili, na ya pili ikaturudisha ya kwanza. Sizitaji, kwa kuwa maofisa waliotupokea walikuwa waungwana na shida yao ilikuwa ya kweli: hawakujua waandike kosa gani kwenye faili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa anayejifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta, lakini tangazo lile halikutaja jina la bibi wala halikuonyesha uso wake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inamlinda msanii katika onyesho lake na katika rekodi ya onyesho hilo, ila hapa hakuna aliyenakili rekodi. Hakuna hata sentensi moja ya tangazo lile ambayo bibi alipata kuitamka mbele ya maikrofoni yetu. Kilichochukuliwa ni ile namna yake ya kutoa sauti, kitu ambacho mwaka 1999 sidhani kama kuna mtunga sheria aliyewaza kwamba kinaweza kuibwa peke yake, maneno yakabaki, kama mtu kuiba harufu ya pilau na kuuacha wali kwenye sufuria. Ofisa mmoja alituuliza, bila kejeli, kama bibi anaweza kuthibitisha kwamba sauti ile ni yake. Bibi alimjibu kwa kuzungumza. Ofisa akanyamaza, akaandika namba ya simu yangu kwenye kitabu.

Hapo ndipo ninapoomba tutafakari pamoja, Waheshimiwa. Taifa hili limekwisha kutuzoesha kwamba sehemu ya mwili wa mtu inaweza kuwa kitambulisho chake. Tulipanga foleni kusajili laini za simu kwa alama za vidole, na baada ya tarehe 20 Januari 2020 laini za wasiosajili zikaanza kuzimwa kwa awamu. Hakuna aliyeuliza kama kidole ni chake. Mtu akichukua alama ya kidole cha bibi na kuitumia kujipatia fedha, nina hakika faili lingepata jina siku hiyo hiyo. Sauti, ambayo kwayo mama mzima alituma shilingi 35,000 bila kuuliza swali la pili, bado haina mwenyewe kisheria kwa namna ambayo ofisa wa kawaida anaweza kuitumia mezani kwake.

Sheria inayokaribia zaidi haja yetu ni ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa hiyo ombi langu la kwanza naliweka mbele ya Tume, na halihitaji kusubiri Bunge: toeni mwongozo, kwa Kiswahili kinachosomeka, utakaotamka wazi kwamba sauti na sura ya mtu anayetambulika ni taarifa zake binafsi hata pale zinapozalishwa upya na mashine, na kwamba idhini ya kurekodiwa si idhini ya kuigizwa. Ombi la pili linahitaji Bunge, na linahusu sheria ya 1999, ambayo sehemu ya hakishiriki yake inapaswa kuongezewa haki ya mtu juu ya sauti yenyewe. Jambo hili si geni duniani. Jimbo la Tennessee nchini Marekani, ambalo linaishi kwa muziki kama sisi tunavyotamani kuishi kwa sanaa, lilitia saini sheria ya kulinda sauti za watu mwezi Machi 2024, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai mwaka huo. Serikali ya Denmark ilitangaza mwaka 2025 nia ya kurekebisha sheria yake ya hakimiliki ili mtu awe na haki juu ya sura na sauti yake dhidi ya maigizo ya kidijitali. Mji wenye chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, una kila sababu ya kutaka sheria ya namna hiyo mapema.

Naomba radhi kwa kurudi nyuma kidogo kwenye historia, lakini Bagamoyo ina kumbukumbu ya karibu sana na jambo hili. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda hapa Bagamoyo, alikuwa akifundisha Kiswahili Berlin, na akaandika kwa mkono wake habari za desturi za Waswahili, kuanzia uzazi na unyago hadi ngoma na mazishi. Maandishi hayo, pamoja na ya Waswahili wengine, yalichapwa Göttingen mwaka 1903, na jina lililosimama kama la mwenye kitabu lilikuwa la mhariri wake Mjerumani, Carl Velten. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927. Jina lake lilikuja kuwekwa mbele katika tafsiri ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1981, miaka 78 baada ya chapa ya kwanza. Simwiti Velten mwizi, kwani pasipo kazi yake huenda maandishi hayo yasingetufikia kabisa, na hilo ndilo linalofanya mfano huu unisumbue: mtu anaweza kuhifadhi urithi wa watu kwa uaminifu na bado akawaacha wenyewe nje ya mlango.

Leo ukiiuliza programu ya akili unde habari za unyago wa pwani itakujibu kwa aya tatu nzuri, pengine bila kutaja hata mtu mmoja aliyeyasema hayo kwanza. Na fidia inapotoka, humwendea aliye na karatasi. Mwaka 2025 kampuni ya akili unde ya Marekani iitwayo Anthropic ilikubali kulipa dola bilioni 1.5 kumaliza kesi ya waandishi ambao vitabu vyao vilipakuliwa kutoka hifadhi haramu za mtandaoni, kiasi cha dola 3,000 hivi kwa kila kitabu. Miongoni mwa masharti ya kuingia katika mgawo huo ni kwamba kitabu kiwe kimesajiliwa katika Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu mwaka 1994, na chini ya mkataba huo hakimiliki haitegemei usajili. Lakini mtunzi wa Kiswahili ambaye kitabu chake kilikuwemo katika hifadhi zile bila usajili wa Marekani hakuwa na nafasi katika mgawo huo. Kwa msimulizi wa mdomo, asiye na kitabu, hata mazungumzo ya fidia hayaanzi. Ndiyo maana naiomba COSOTA ifungue daftari la simulizi za mdomo na sauti za wasimulizi, ambamo mtu anaweza kuandikishwa kwa simu akiwa kibarazani kwake, na ambamo masharti ya idhini yake yanaandikwa pamoja na jina: nani amerekodi, kwa kazi gani, na kwamba kuigiza sauti kumekatazwa au kumeruhusiwa kwa malipo.

Liko jambo jingine ambalo kwa sisi wenye kampuni changa linauma zaidi ya wizi wenyewe. Miezi miwili baada ya tangazo lile, tulimpelekea mteja wa Dar es Salaam rekodi ya ngoma ya mdundiko tuliyoipiga uwanjani kwa maikrofoni nne, kazi ya siku mbili, wapigaji wakilipwa na kulishwa. Mteja aliikataa. Alisema ni safi mno, kwa hiyo lazima ni ya mashine, na kama ni ya mashine basi atatengeneza yake mwenyewe bure. Tulimtumia picha za video za wapigaji wakiwa kazini, akajibu kwamba siku hizi hata video zinatengenezwa. Hatukuwa na jibu. Nilikaa nikifikiri kwamba yule tapeli wa unga wa dawa alitumia dakika chache na huenda hakulipa hata senti, na kwamba gharama ya uongo wake na wa wenzake tumeilipa sisi tuliosema kweli. Vijana wanaouza picha za kuchora hapa mjini wanakutana na swali hilo hilo kila mgeni anapoinua turubai na kuligeuza nyuma.

Tapeli wa nchi hii alikuwa anajulikana kwa ujumbe wake wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na tulijifunza kumcheka kwa sababu hakuwa na sauti ya mtu tunayemjua. Sasa anayo. Mapema mwaka 2024 iliripotiwa kwamba mfanyakazi wa kampuni moja huko Hong Kong alihamisha fedha zinazofikia dola milioni 25 baada ya mkutano wa video ambao wengine wote waliokuwemo walikuwa wa kughushi. Kama mhasibu aliyezoea kazi anaweza kuingia mtegoni namna hiyo, sioni tutamlaumuje mama wa sokoni.

Kwa hiyo naunga mkono alama ya lazima kwenye maudhui yaliyozalishwa na mashine, kama Umoja wa Ulaya ulivyoiweka katika sheria yake iliyoanza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024, na kama China ilivyoanza kuitekeleza tarehe 1 Septemba 2025. Najua tapeli hataweka alama. Alama inamsaidia mkweli: ikizoeleka, mteja atakuwa na mahali pa kuanzia kuuliza, na mtandao wa kijamii uliolipwa kurusha tangazo lisilo na alama utakuwa na la kujibu. Tulipouarifu mtandao husika kuhusu tangazo la bibi, liliendelea kuonekana kwa siku 19. Kanuni ziseme kwamba mtu akilalamika kuwa sauti au sura yake imeigizwa, tangazo la kibiashara lisimame ndani ya siku 2 huku uchunguzi ukiendelea, na mzigo wa kuthibitisha idhini uwe wa aliyelipia tangazo.

Hapa naomba tahadhari moja, nayo naiandika kwa herufi ndogo ili isionekane ya ukali. Msitunyonge katika kutulinda. Tunakumbuka kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, ambazo zilimtaka hata mwenye blogu atoe zaidi ya shilingi milioni 2 za leseni, na wapo walionyamaza kwa kukosa kiasi hicho kabla ya kanuni hizo kurekebishwa. Kampuni kama yangu inalipia huduma za akili unde kwa dola, na bei huhesabiwa kwa idadi ya vipande ambavyo mashine huyakata maneno. Kwa kuwa mifumo hiyo ilifundishwa zaidi kwa Kiingereza, neno letu moja kama "hawajatusimulia" hukatwa vipande vingi kuliko neno la Kiingereza, hivyo mara nyingi sentensi ile ile hugharimu zaidi ikiwa ya Kiswahili. Tena kazi yenyewe inataka mtu wa kuikagua. Programu moja ilituandikia kwa kujiamini kabisa kwamba David Livingstone alizikwa Bagamoyo, wakati mwili wake ulipita tu hapa misheni mwezi Februari 1874 ukiwa njiani kwenda Uingereza, ukazikwa Westminster Abbey mwezi Aprili mwaka huo. Mgeni angesikia uongo huo akiwa amesimama kwenye mnara wa kanisa lenyewe. Anayelipa dola, anayelipa mkaguzi, na anayewalipa wasimulizi wake halali, akiongezewa ada ya leseni atafunga mlango, na soko litabaki kwa wasiolipa chochote kati ya hivyo. Alama iwe ya bure, na adhabu ipimwe kwa ukubwa wa faida iliyopatikana kwa udanganyifu.

Bibi alituomba tuiondoe simulizi yake, nasi tuliiondoa siku hiyo hiyo. Mgeni akifika kwenye kisima cha Kaole sasa hivi, programu yetu haimsemeshi. Inamwonyesha mstari mmoja wa maandishi kwamba simulizi ya mahali hapa imeondolewa kwa ombi la mwenyewe. Nilimpelekea hati mpya, kurasa mbili, iliyokataza kuigiza. Mjukuu wake alimsomea yote, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Na yule mwingine akichukua tena, karatasi hii itamfuata?" Nikamwambia nitawauliza nyinyi. Hati ipo mezani kwangu, na nafasi ya dole gumba bado ni nyeupe.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mmiliki wa studio ya kurekodi,
Bagamoyo, Mkoa wa Pwani